Likute Likiwa Baridi

Mama alinyamaza kidogo kwenye simu, kisha akauliza kama mtu anayehakikisha hajasikia vibaya: "Kwa hiyo mnafunga nyumba yenu, halafu mnakokota kinyumba kingine kidogo mpaka porini, mnalala humo na mnapika wenyewe?" Nikamwambia ndiyo. "Na mnalipa?" Ndiyo mama, na mahali pa kukiegesha tunalipia. Alicheka mpaka akapaliwa. Kwake yeye, mkazi wa Mbagala, Dar es Salaam, kuhama na jiko na magodoro ni mambo ya mtu aliyegombana na mwenye nyumba.

Karavani yenyewe ilitangulia gari. Mzee mmoja wa kazini kwetu hapa Leicester, Uingereza, alistaafu, magoti yakamgomea, akaniuzia ya kwake kwa bei ya kupeana. Ina vitanda vinne, jiko la gesi, choo ambacho ukiingia lazima uamue mapema utageukia wapi, na kibamba kidogo karibu na mlango kinachosema uzito wake wa juu kabisa ni kilo 1,500. Sisi wakati huo tulikuwa na Yaris. Likaanza suala la kutafuta gari la dizeli, for-wili, la mkononi, lenye uwezo wa kukokota hicho kinyumba bila kutuua.

Sheria ilikuwa upande wangu. Zamani aliyefaulu mtihani wa udereva kuanzia Januari 1997 alihitaji mtihani mwingine ndipo avute tela kubwa. Tarehe 16 Desemba 2021 masharti hayo yakafutwa, na leseni ya kawaida sasa inatosha kuvuta tela la mpaka kilo 3,500, ilimradi gari lenyewe liwe limeruhusiwa kuvuta uzito huo. Hilo "ilimradi" ndilo linaloliza watu.

Nyumbani tela ni suala la nguvu tu. Gari likivuta, limevuta. Nimeona Land Cruiser mkonga likiburuta tela la mabomba ya maji, dereva akikadiria uzito kwa kuyatazama matairi na kusema "bado linabeba". Huku wanaanza na swali jingine: likiisha kuvuta, litasimama? Na upepo wa lori ukikupita kwenye barabara kuu, nani ataongoza safari, gari au tela? Kwa hiyo unafungua mlango unatafuta kile kibamba cha chuma chenye mistari minne ya namba. Mstari wa kwanza ni uzito wa juu wa gari likiwa limejaa watu na mizigo. Wa pili ni wa gari na tela kwa pamoja. Toa wa kwanza kwenye wa pili, kinachobaki ndicho unachoruhusiwa kuvuta gari likiwa limejaa. Usimwulize muuzaji, kiulize kibamba. Halafu ipo kanuni ya wazoefu, ambayo si sheria, kwamba anayeanza asivute karavani inayozidi asilimia 85 ya uzito wa gari lake likiwa tupu. Gari la kilo 2,200 linapata 1,870. Mimi na kilo zangu 1,500 nilikuwa salama kwa for-wili karibu yoyote kubwa, ndiyo maana nikaacha kuhesabu na kuanza kutazama magari.

Hapo ndipo nilipogundua kwamba nilikuwa nimebeba macho ya Dar es Salaam.

Kwetu gari huuzwa kwa herufi. Namba C, namba D, namba E: ukitaja herufi tu, mtu ameshakisia bei. Herufi hiyo lakini inakueleza gari lilisajiliwa lini Tanzania, haikuelezi lilitengenezwa lini, na namba E inayong'aa inaweza kuwa ilishamzungusha Mjapani miaka kumi na tano kabla ya kushuka bandarini. Huku Uingereza umri umo kwenye kibao: tangu Septemba 2001, tarakimu mbili za katikati ndizo mwaka. Namba 12 ni ya Machi hadi Agosti 2012, namba 62 ni ya Septemba mwaka huohuo hadi Februari 2013. Wapo wanaonunua namba za mapambo, lakini hairuhusiwi kulivalisha gari namba itakayolifanya lionekane changa kuliko lilivyo. Ningependa sheria hiyo ipelekwe na kwa binadamu fulani ninaowafahamu.

Matangazo nayo ni lugha mbili tofauti. Letu linasema: kadi mkononi, injini haijaguswa, full AC, lilikuwa la dada wa benki, bei maelewano, ni kuwasha na kuondoka. Ukilichunguza utaona linamtangaza mtu kuliko gari: dada wa benki, mzungu wa shirika, mzee mstaafu anayekwenda kanisani na kurudi. Tunanunua tabia ya aliyeliendesha, na si ujinga, kwa sababu hatuna karatasi ya kuaminika ya kununulia. Kilomita za kwenye dashibodi hakuna anayezisoma kwa moyo wote. Stika ya nenda kwa usalama iko kwenye kioo, na taa moja ya nyuma haiwaki.

Huku karatasi ipo, tena ya bure. Gari likifika miaka mitatu linaanza kwenda kwenye ukaguzi wa kila mwaka unaoitwa MOT, na majibu yote yako kwenye tovuti ya serikali. Unaandika namba ya gari la mtu ambaye hata hujaonana naye, na lote linafunguka: kila mwaka lilisoma maili ngapi, lilifeli nini, na yale ambayo mkaguzi aliyaandika kama tahadhari bila kulifelisha. Mara ya kwanza nilijiona kama ninasoma faili la hospitali la jirani. Nilikaa usiku mzima nikichungulia maisha ya magari ya watu.

Gari la kwanza nililokwenda kuliona lilikuwa la muuzaji mmoja nje ya mji, kwapani ana faili nene la risiti. Kwenye tovuti, miaka mitatu mfululizo mkaguzi alikuwa ameandika tahadhari ya kutu kwenye chasisi. Mwaka wa nne, kimya. Nikajiuliza kutu ya Uingereza huwa inapona? Barabara za huku humwagiwa chumvi wakati wa baridi ili barafu isishike, na chumvi hiyo inakula chuma kutoka chini, mahali ambapo bodi inayong'aa haikuonyeshi. Nikalala chali kwenye kokoto, koti likalowa. Chini kote kulikuwa kumepakwa kitu cheusi kizito, kipya, bado kina harufu. Nikagonga kwa mpini wa bisibisi kuanzia mbele. Ti, ti, ti. Karibu na gurudumu la nyuma ikalia "pu", kama kugonga papai. Muuzaji akasema ni rangi tu ya kinga. Nikamwambia asante, nikajipangusa.

Na alikuwa ameniambia gari halijawahi kuvuta kitu chochote. Lile tufe la chuma linaloshika tela lilikuwa limepakwa rangi mpya pia, lakini juu lilikuwa limesagika mpaka likawa na uso bapa.

Gari la pili lilikuwa Mitsubishi Shogun 3.2, namba 62. Shogun ni Pajero. Waingereza walipewa jina hilo, na wanaozungumza Kihispania wakapewa Montero kwa sababu neno pajero kwao ni tusi lisilotamkika mbele ya wakwe. Karatasi zake zilikuwa safi, maili zikipanda taratibu mwaka hadi mwaka, chini kavu. Mwenyewe mkulima mstaafu, mpole, ana mbwa wawili. Nilipofika injini ilikuwa inaunguruma. Nikampigia video fundi wangu wa Gerezani kule Dar, mtu ambaye amefungua Pajero nyingi kuliko milango, nikamwelekezea simu kwenye injini.

"Bosi, umelikuta linawaka?"

"Ndiyo fundi, alishaliwasha."

"Kata simu. Mwambie utarudi kesho asubuhi. Likute likiwa baridi, shika boneti kwa mkono kwanza."

Kuliwasha gari kabla mteja hajafika ni mchezo wa dunia nzima, ingawa yule mzee huenda hakuwa na nia mbaya. Kesho yake saa moja asubuhi nikashika boneti, baridi kama jiwe la kaburi. Nikarekodi tangu ufunguo unazungushwa. Moshi ulitoka kidogo ukakatika. Mimi nilisikia injini. Fundi alisikia kitu kingine. Ujumbe wake wa sauti ulifika kabla sijaondoka uani: "Bosi, rudisha nyuma, sikiliza sekunde tatu za mwanzo. Krrr, halafu inanyamaza. Hiyo ni cheni ya taimingi, oili ikishapanda inafichika. Injini hizo ndio ugonjwa wao. Gari zuri, lakini hiyo cheni usiiache ikuzoee." Kisha akaniamuru nifungue kifuniko cha oili injini ikiwa inazunguka, nione kama inapumua, yaani kusukuma moshi nje. Haikuwa ikipumua.

Karatasi ya serikali ya Uingereza, yenye miaka yote ya gari hilo, haikuwa na neno moja kuhusu cheni. Mkaguzi wa MOT hupima breki, taa, matairi, kutu na moshi. Kazi yake haimtaki akusikilizie injini asubuhi. Yule mkulima alipoisikia rekodi mara ya pili alikuna kichwa, akasema kweli, mlio huo upo, alidhani ni wa kawaida. Tukashushana pauni 1,100. Hakupenda maneno mengi. Nilianza kumsimulia watoto na safari na hali ngumu, kama ambavyo ungefanya kwetu ili maelewano yapate mahali pa kukaa, akaniangalia kama ninamwomba mkopo. Huku bei hushuka kwa hoja moja, inatajwa, inajibiwa, basi.

Gereji ya huku ilinidai kwa cheni na vielekezi vyake pesa iliyonifanya nikae chini kabla ya kulipa. Wanahesabu saa. Kwetu spea ndiyo inayokuuma na mikono ya fundi ni rahisi, huku mikono ndiyo ghali.

Mambo matatu nusura yanipite kwa mazoea ya nyumbani. Kwetu kadi ikiwa na jina lako gari ni lako, ingawa nusu ya magari ya mjini yanatembea na kadi za watu wa kwanza. Kitabu cha gari cha huku chenyewe kimeandika waziwazi kwamba aliyetajwa humo si lazima awe mmiliki, ndiyo maana inabidi ulipie uchunguzi mdogo kujua kama gari lina deni la mkopo, maana deni linaweza kulifuata gari mpaka kwako. La pili, kodi ya barabara haihami tena na gari tangu Oktoba 2014, unailipia kabla ya kutoka uani kwa muuzaji. La tatu ni namba ya tela. Nyumbani tela lina namba yake. Karavani huku haina, inavaa namba ya gari linaloivuta, kwa hiyo nilikwenda kuchongesha kibao cha njano cha pili na kukibandika nyuma ya kinyumba.

Shemeji yangu wa Barking ameshauliza kama siku moja nitalishusha gari hili Dar. Sina mpango huo. Dizeli za miaka hii zina chujio la masizi kwenye ekzosi, linalojisafisha kwa kuchoma uchafu gari likienda mwendo mrefu wa kasi. Foleni ya Barabara ya Mandela kule Dar ingeliziba. Dizeli ya Afrika Mashariki tangu Januari 2015 ina kiwango cha salfa cha sehemu 50 kwa milioni, hatua kubwa kutoka tulikokuwa, lakini ya huku ni 10. Najua vizuri dawa ya mafundi wetu: wanakata, wanatoa utumbo, wanachomelea. Huku ukikamatwa umelitoa hilo chujio unafelishwa MOT. Na kwa shemeji mwenyewe silipeleki, maana tangu Agosti 2023 kanda ya hewa safi ya London imefika mpaka kwake, na dizeli ya umri wa Pajero langu hulipa pauni 12.50 kila siku inapotembea humo. Tunaliacha Leicester tunapanda treni.

Safari ya kwanza tulikwenda Wales, upande wa Barmouth. Kabla ya Dolgellau kuna mlima wa A470 ambao jina lake, Bwlch Oerddrws, sijathubutu kulitamka. Si mlima wa Kitonga wa kwetu, lakini ukiwa na nyumba mgongoni ni Kitonga ya kutosha. Mshale wa joto haukutikisika. Aibu ilinisubiri kambini, kwenye kurudi nyuma. Tela ukikata usukani kulia linakwenda kushoto. Mke wangu akashuka akawa konda: "Rudi, rudi, rudi, kata, kataaa, haya lete, simama!" Waingereza waliokaa kwenye viti vyao wakinywa chai hawakutikisa kikombe. Dar wangeshafika vijana kumi, kila mmoja na maelekezo yake, na mmoja angeniondoa kwenye usukani. Baada ya mara ya sita mwanamume mmoja mzee aliinuka bila kusema kitu, akafungua kiungo cha tela, akanipa ishara nishike kona. Tukaisukuma karavani kwa mikono mpaka kwenye nyasi. Akarudi kwenye chai yake.

Asubuhi yake, ukungu bado umelala juu ya mabonde, nikashika boneti, nikawasha, nikarekodi, nikamtumia fundi. Jibu lilifika tunakunywa uji.

"Safi bosi, cheni imenyamaza. Ila huyo kondoo anayelia hapo nyuma ana kifua."