Jina la simu yako linasomwa na nani?

Ndugu wasikilizaji wa Salamabila, Kasongo na Kabambare, pamoja nanyi mliokimbia vijiji vyenu na sasa mnalala kwa familia zilizowapokea, leo siwaletei habari ya barabara wala ya bei ya dhahabu. Nataka tuongee juu ya simu tunazotembea nazo kila siku, na zile njia zake za kurushiana picha na nyimbo bila waya.

Kwetu huku mega ni ghali na mtandao unakuja na kuondoka unavyotaka. Kwa hiyo wimbo, filamu, mahubiri, picha za ndoa na za matanga, vyote vinahama kutoka simu hadi simu bila kupitia intaneti. Zamani ilikuwa Bluetooth peke yake, kwenye simu za vibonye. Leo vijana wanatumia Xender, ambayo ina haraka zaidi kwa sababu simu moja inajigeuza kituo kidogo cha Wi-Fi na nyingine inaingia humo. Sisemi tuache. Bila njia hiyo, bibi aliye Kasongo angekaa muda mrefu bila kuona sura ya mjukuu aliyezaliwa Salamabila. Picha inapanda pikipiki ndani ya simu ya msafiri, ikifika kule inarushwa, bibi anafurahi. Hiyo ndiyo posta yetu.

Shida ni kwamba tukishapokea, hatufungi.

Mwezi uliopita, jioni moja, nilikuwa nimekaa pale watu wanapochajisha simu zao kwenye pano za jua. Nikafungua Bluetooth ya simu yangu na kubonyeza itafute simu zilizo karibu. Bluetooth ya simu kwa kawaida inafika kama mita 10 hivi. Majina yakaanza kutokea. Mengine yalikuwa ya aina ya simu tu, Tecno au Itel na namba zake. Lakini moja lilikuwa jina kamili la mtu, lake na la baba yake. Lingine lilikuwa jina pamoja na kazi ya mwenye simu. Lingine lilikuwa la kijiji ambacho watu wake wamekimbia. Sikugusa simu ya mtu, sikutuma kitu, sikuuliza swali. Nilikaa tu kwenye benchi nikajua nani yuko pale na anatoka wapi.

Ninyi mnaoishi hapa hamhitaji kuelezwa maana yake. Sehemu hii imeona mapigano kati ya jeshi na Maï-Maï Malaika, imeona watu wakihama usiku, wakarudi, wakahama tena. Jina la mtu linaweza kutaja kabila lake, kijiji chake, hata ukoo wake. Mhami anajitahidi kukaa kimya mahali alipopokelewa, anapita kwenye barieri bila kusema neno la ziada, kumbe mfukoni simu inasema.

Kubadilisha jina hilo hakuhitaji fundi. Simu nyingi za kwetu zimewekwa kwa Kifaransa, basi tafuta palipoandikwa Paramètres, ingia Bluetooth, kisha bonyeza jina la simu. Futa lako, andika neno lisilomhusu mtu: Embe, Jiwe, Asubuhi. Kwenye simu nyingi za Android za siku hizi, simu inatokea kwa wengine wakati ukurasa huo wa Bluetooth uko wazi tu, kwa hiyo ukimaliza, utoke humo na uzime. Simu za vibonye ni tofauti. Zenyewe zina mahali pa kuchagua kama simu ionekane au ijifiche, na ukiiacha ionekane itabaki hivyo hata mwezi mzima. Iweke ijifiche. Simu ya rafiki ambayo mmeshaunganisha itaendelea kuikuta.

Simu mpya za Android zina pia Quick Share, ambayo mpaka mwanzo wa mwaka 2024 iliitwa Nearby Share. Humo unaulizwa nani anaweza kukuona: watu wote, wale ulioandika namba zao, vifaa vyako mwenyewe, au asiwepo hata mmoja. Usiache kwenye watu wote. Wenye iPhone hapa kwetu ni wachache, lakini ndugu walio ng'ambo wanazo, na yao inaitwa AirDrop. Katika treni za miji mikubwa watu walikuwa wanarushiwa picha chafu na abiria wasiowajua, kwa sababu walikuwa wameiacha wazi kwa wote. Tangu Desemba 2022 Apple imeweka kwamba ukiifungua kwa watu wote, baada ya dakika 10 inajifunga yenyewe. Ningependa simu zote ziwe hivyo, hata hizi zetu za bei ndogo, maana anayesahau kufunga ni yule mwenye mawazo mengi, na huku mawazo hayatupungukii.

Sasa nije kwenye jambo ambalo mimi naliona kubwa kuliko hayo yote. Watu wakisikia habari za usiri wa simu wanafikiri mwizi fulani mwenye kompyuta, amejificha mbali. Kwetu mambo ni ya karibu zaidi. Mama mmoja mhami alipeleka simu yake kwenye kibanda ili awekewe nyimbo za mtoto. Aliiacha pale, imefunguliwa, akaenda sokoni. Baada ya siku chache jirani akamwonyesha picha kwenye simu nyingine: mazishi ya kaka yake. Pamoja nayo kulikuwa na picha ya kadi yake ya mpiga kura, ambayo sisi Wakongo ndiyo tunaitumia kama kitambulisho, na picha ya jetoni ya msaada. Nilipoongea na kijana wa kibanda niliamini kwamba hakuwa na nia mbaya. Alitaka kuhamisha picha moja ya mapambo aliyoipenda, akabonyeza palipoandikwa zote, na zote zikaenda. Kisha nyimbo na picha zikaendelea kwa mteja mwingine, na mwingine.

Kwa hiyo jambo hili tulishike: kupokea wimbo hakulazimu simu yako iingie mkononi mwa mtu. Yeye atume kutoka kwake, wewe ukubali kwako, simu yako ikiwa mkononi mwako. Ikiwa ni wewe unayetuma, chagua picha moja moja, na usome kwanza jina la simu unayotumia kabla ya kubonyeza. Anayekwambia "lete nikusaidie, ni haraka" mjibu kwa heshima kwamba huna haraka.

Picha yenyewe nayo ina siri yake. Kamera nyingi, kama umeziruhusu kujua mahali ulipo, zinaandika ndani ya picha pale ilipopigwa. Simu inapata mahali hapo kutoka kwenye setilaiti, hata kama hakuna mtandao wa simu. Ukituma picha kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, maandishi hayo yanaondolewa. Ukituma kwa Bluetooth au Xender, faili inaweza kwenda nzima kama ilivyo, na aliyeipokea anaweza kujua nyumba mliyojificha. Kijana wa machimbo aliyepiga picha ya dhahabu kiganjani mwake huko upande wa Namoya naye amewaonyesha watu shimo lake bila kutaka. Ingia kwenye mipangilio ya kamera, zima sehemu ya mahali. Picha za zamani hazitabadilika, lakini mpya zitakuwa hazina.

Kuna pia programu zinazopitishwa mkono kwa mkono ili kuokoa mega. Hapo nawasihi muwe wagumu. Mwaka 2004 kirusi kilichoitwa Cabir kilijisambaza kwa Bluetooth kutoka simu hadi simu, na kilihitaji tu mwenye simu akubali. Na mwaka 2021 wataalamu wa Trend Micro walitangaza kasoro za usalama ndani ya SHAREit, programu iliyokuwa imepakuliwa zaidi ya mara bilioni moja. Faili ya programu kutoka kwa mtu usiyemjua, kataa. Wimbo, haya.

Katiba yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa maisha yake ya binafsi na siri ya mawasiliano yake. Nimemsomea yule mama kifungu hicho. Alinisikiliza, kisha akaniuliza swali ambalo wengi wananiuliza: "Mwanangu, nikifuta picha kwangu, itafutika na kwao?"

Hapana, mama. Iliyofika kwa mwingine ni yake, na njia iliyobaki ni kwenda kumwomba aifute mbele yako. Jirani alikubali, kijana wa kibanda naye akakubali. Wale wateja wawili hatujawapata.

Kisha tulifungua pamoja faili za simu yake. Ndani ya folda ya Xender kulikuwa na vitu vya watu wengine ambavyo hakujua kama anavyo: video za ndoa, picha za watoto wasio wake, kadi ya mpiga kura ya mzee tusiyemfahamu. Akaanza na hiyo ya mzee, akaifuta.