Kimea Kilichokufa

Busaa ndiyo iliyowalipia karo wana wa mama yule wa Kakamega. Msimu mmoja wa mvua, pombe ilikosa utamu na ukali. Wanywaji wakanong'ona: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Fedheha ikamkaba.

Mwanawe, mwanafunzi wa kemia, aliuliza swali moja tu: wimbi lililooteshwa lilikaushwa wapi? Kwa kukosa jua, mama alikuwa amelikausha likiwa bichi katika kikaango cha moto. Vimeng'enya vinavyogeuza wanga wa mahindi kuwa sukari huundwa mbegu inapoota. Nao, katika unyevu, joto linalozidi sana nyuzi 70 huviua. Kumbe kimea kilikuwa kimekufa!

Mara iliyofuata alikianika polepole darini, mbali na moto. Utamu ukarudi. Waliomshuku wakarejea, vichwa chini.