Mkono mmoja mfukoni

Wiki hii mniwie radhi, sina habari za mapenzi wala za viwanja vya starehe. Nina kisa cha mzee mmoja wa Kizungu, redio yake ya ubao, na mimi mwenyewe nilivyoumbuka. Kaeni mkao wa kula.

Si mnajua tena kwamba niko zangu mamtoni? Bahati nasibu ya viza ya Marekani iliniangukia, nikaja na cheti cha kidato cha sita na begi moja. Naishi Minnesota, jimbo ambalo baridi yake ukiisimulia kwetu Tanga watu watasema umelewa. Kazi yangu, ukiacha hizi safu ninazowaandikia, ni kulea wazee. Ndiyo, kupika uji, kuhesabu vidonge, kufunga watu kamba za viatu. Mliodhani naendesha Benzi huku, poleni sana.

Mzee wangu wa Jumamosi ana miaka themanini na ushei. Namwita Babu, nilimweleza maana yake na mwenyewe kaipenda. Alipohamia kwenye nyumba ya wazee, ghorofa ya nne, alitupa karibu kila kitu. Alibaki na picha ya harusi, ambayo nyuma yake pameandikwa namba 88 basi, na masanduku mawili ya redio.

Mara ya kwanza aliponifungulia lile sanduku la kwanza nilitaka kucheka. Fikiria kibao cha kusukumia chapati. Juu yake kuna koili ya waya wa shaba, vikorokoro kadhaa vilivyoungwa kwa risasi, na chupa moja ya kioo yenye mavyuma ndani. Hiyo chupa ndiyo valvu. Vijana wa leo hamzijui, lakini kabla ya transista kuvumbuliwa mwaka 1947, redio za maana zilikuwa zinatumia hizo. Ndani ya chupa hakuna hewa. Kuna uzi unaopashwa moto mpaka unawaka rangi ya chungwa, umeme unaruka kutoka huko kwenda upande wa pili, na njiani unakuzwa.

"Nilikitengeneza mwaka 1956," Babu akasema. "Nilikuwa na miaka 15."

Kumbe kibao si mzaha. Waanzilishi wa mchezo huu walikuwa wakichukua vibao vya mama zao vya kukatia mkate na kupigilia vyombo juu yake. Na chake si redio ya kusikilizia taarifa ya habari, ni mtambo wa kurushia. Mwaka 1951 serikali ya Marekani ilianzisha leseni kwa wanaoanza, na vijana kama Babu wakaichangamkia. Kwenye masafa mafupi waliruhusiwa kugonga Morse tu, zile "ti-taa-ti-taa" za kwenye filamu za vita. Tena mtambo ulilazimika kushikwa na kristali, kijiwe kidogo kinachoufunga kwenye masafa yake. Kristali moja, masafa mamoja. Mtu akikukalia pale, unasubiri kama foleni ya maji.

Sanduku la pili lina cha kusikilizia, nacho cha ubao na valvu mbili ndogo. Kinafanya kazi kwa ujanja ambao Edwin Armstrong aliuandikishia hakimiliki mwaka 1914: sauti iliyokuzwa inarudishwa nyuma ikuzwe tena, na tena, mpaka kitu hafifu kinasikika. Ukizidisha kidogo, kinapiga mluzi wa kuvunja meno.

Tatizo ni moja. Kule kwa wazee hairuhusiwi kutundika waya nje. Na hata ingeruhusiwa, redio kama hiyo ndani ya jengo haisikii kitu. Kila chaja ya simu, kila taa ya kisasa, kila televisheni inatoa makelele ambayo sikio letu halisikii lakini redio inayasikia kama mvua kwenye bati. Ndiyo maana wenzake wengi siku hizi wanakimbilia mbugani. Mwaka 2016, idara ya hifadhi za taifa ya Marekani ilipotimiza miaka 100, chama cha redio za ridhaa, ARRL, kiliwahimiza wanachama wabebe mitambo waende hifadhini. Sherehe ikaisha, watu wakanogewa. Sasa ni mchezo mkubwa: unakwenda kwenye hifadhi au mbuga ya umma, unaita, ukipata watu 10 ndani ya siku moja safari yako inahesabiwa. Wengi wanabeba vimashine vya kisasa vinavyoingia mfukoni. Babu yeye akaniambia, "Nataka niende na hiki."

Basi bwana, Jumamosi moja ya Juni tukaenda Fort Snelling, mbuga ya jimbo iliyo pale mto Minnesota unapoingia mto Mississippi. Uwanja wa ndege uko jirani, ndege zinakupitia juu ya kichwa. Nilibeba betri ya volti 12, yenye uzito wa kiroba, mgongo ukaimba. Nikasimamisha fimbo ndefu inayochomoka kipande kwa kipande kama ya kuvulia samaki, mita 10, nikatundika waya wa mita 20 uliokatwa katikati. Hapo ndipo antena. Familia zilizokuja kuchoma nyama zikawa zinatutazama kama waganga wa kienyeji.

Valvu haili volti 12. Inataka kama 300. Kuna kisanduku kilichotoka kwenye redio ya gari ya zamani, ndani yake mna kidude kinachotetema zaidi ya mara 100 kwa sekunde, kikikata na kuunga umeme wa betri ili transfoma iweze kuupandisha. Kinanguruma kama mzinga wa nyuki. Na kwa kuwa kibao hakina kifuniko, hizo volti 300 zimekaa wazi, zinakuangalia.

Babu akainama kukaza waya mmoja. Kabla ya kugusa, akaingiza mkono wa kushoto mfukoni.

Nikaganda.

Wasomaji, naomba niwarudishe Tanga kidogo. Mshua wangu alikuwa fundi redio Ngamiani. Kibanda chake kilikuwa na harufu ya risasi iliyoyeyuka, na mimi nikitoka shule nilikuwa nakaa kwenye kreti la soda nikimwangalia. Kila akifungua chombo chenye umeme mkubwa, mkono wa kushoto mfukoni. Miaka yote nilidhani ni maringo. Kumbe Babu akanieleza kwamba ukigusa kwa mikono miwili umeme unapita mkono mmoja kwenda wa pili, na katikati ya mikono kuna moyo. Mkono mmoja ukiwa mfukoni, una nafasi ya kurudi nyumbani. Mafundi wa valvu walifundishana hivyo.

Kile kibanda hakipo tena. Mshua alikiuza, pamoja na vyombo vyake, akaongezea kwenye nauli yangu. Nikamwapia kwamba ndani ya mwaka mmoja nitamfungulia kingine, cha matofali. Huu ni mwaka wa tatu. Kodi ya nyumba huku inameza mshahara kabla haujapoa. Kwa hiyo nikaanza kuzuga. Simu ya mshua ikiita naitazama mpaka inyamaze. Najisemea, ngoja nipate kitu cha kutuma ndipo nipige. Kitu hakijapatikana, miezi saba imekatika.

Turudi mbugani. Babu akavaa hedifoni, akaanza kugonga. Kwa kifupi, unatuma herufi C na Q, maana yake "yeyote anayenisikia", halafu jina lako la kituo. Akagonga, akasikiliza. Kimya. Akagonga tena. Kimya. Robo saa, nusu saa, saa nzima. Mbu wa Minnesota nao ni kiboko, wakanila.

Uvumilivu ukanishinda. "Babu, si bora umpigie mtu simu?"

Akavua hedifoni. "Nimpigie nani? Simjui."

Sikumwelewa. Akanieleza taratibu. Simu unampigia mtu ambaye una namba yake. Hii unamwita yeyote aliyekaa mahali fulani akiwa ametega sikio, na hujui kama yupo. Nguvu ya mtambo wake ni kama wati 10, sawa na balbu ya sebuleni siku hizi. Hizo wati zinapanda juu, kilomita 200 na zaidi, zinakutana na tabaka la anga lililochajiwa na jua, zinarudishwa chini mahali usipopachagua. "Mimi kazi yangu ni kuita na kusikiliza," akasema. "Zaidi kusikiliza."

Kwenye saa kumi jioni nikaona penseli yake inakwenda mbio. Mtu wa Missouri alikuwa amemjibu. Jamaa akauliza, hicho ni chombo gani? Maana mtambo wa Babu una kasoro: kila akibonyeza, mlio unayumba kidogo, unatoka kama kifaranga anayelia. Mitambo ya kisasa hailii hivyo. Babu akajibu kwamba ni 6L6 moja juu ya kibao, ya mwaka 1956. Yule jamaa akasema hajasikia kifaranga kama huyo tangu ujana wake, na waliagana kwa 73. Hiyo kwa lugha yao ni salamu za heri.

"Na 88?" nikauliza, maana nilikumbuka nyuma ya picha.

Babu akafuta miwani muda mrefu kuliko miwani ilivyohitaji. "88 ni mabusu," akasema. Sikuendelea kuchimba.

Baada ya hapo wakafuata Wisconsin, Iowa, Illinois, mmoja mmoja. Jua la Juni huku linazama karibu saa tatu usiku. Tulipofunga virago alikuwa amepata watu saba. Nikampa pole, maana 10 hazikutimia na safari haihesabiki.

"Saba wamenijibu," akasema, kama mtu aliyeshinda zali la mamilioni.

Usiku nikiwa kitandani nikafungua simu yangu. Missed call za mshua katika miezi saba zilikuwa 11. Mzee wa Kizungu kakaa saa nzima na mbu akimwita mtu asiyemjua. Wangu mimi ananijua, namba anayo, kaita mara 11, na mimi nilikuwa nasikia.

Sikuwa na ubavu wa kupiga. Nikamtumia picha ya kibao, bila neno. Kwangu ilikuwa saa nne usiku, kwao saa kumi na mbili asubuhi ya Jumapili. Haikupita dakika mbili ikaja sauti yake.

"Hiyo si 6L6? Umeitoa wapi? Hizo tulikuwa tunazibadilisha kwenye amplifaya za bendi, mwanangu, wapiga magitaa walikuwa wanaziunguza kila mwisho wa mwezi. Mwambie mwenyewe asikisogelee hicho kibao kwa mikono miwili. Mkono mmoja mfukoni."

Wallahi sikuwa nimemwambia lolote kuhusu mkono. Nikapiga.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Kumbe upo."

Nikaanza kujieleza: kodi, baridi, saa za kazi zimepunguzwa, kibanda sijasahau. Akaniacha nimalize yote. Halafu akasema, "Kwamba hela huna nilijua. Ungekuwa nazo ungepiga. Mimi nilikuwa napiga nijue kama unasikika."

Sina la kuongeza hapo. Tuliongea dakika 40, na nusu yake ilikuwa ni valvu. Deni la kibanda liko palepale, lisije likaniponyoka kwa sababu mzee ana roho nzuri. Ila simu napokea.

Mkasa mpya ni huu. Mshua anasema yule kifaranga ni ugonjwa: ukibonyeza, umeme unanywea, masafa yanayumba, kwa hiyo Babu aimarishe volti zake. Nikamfikishia Babu. Babu kang'aka! Anasema hicho kifaranga ndicho sauti yake, watu wa Missouri wanamjua kwa hicho. Mshua kajibu kwamba fundi haachi chombo kibovu kikatoka mlangoni. Babu kajibu kwamba chombo hakijatoka mlangoni tangu 1956. Wazee wawili, mabara mawili, mkalimani ni mimi, na hakuna anayenilipa.

Kwa mliovutiwa, huko Bongo nako kuna mchezo huu. Leseni inatolewa na TCRA, na majina ya vituo vya Tanzania yanaanzia na 5H. Usirushe bila leseni ukanitaja mimi. Na ukikuta redio ya valvu ya marehemu babu yako stoo, usiichomeke kwenye umeme kwa pupa. Tafuta fundi mtu mzima. Utamjua kwa mkono wake wa kushoto.

Jumamosi ijayo tunarudi mbugani kutafuta hao watu 10. Wiki ijayo panapo majaliwa nitarudi kwenye habari zetu za mapenzi. Kwenu nyote, 73.

Na wewe wa Chumbageni unayejijua, 88.