Ndevu za mlima hazioti kwa wiki moja

WASHIKAJI, tukisikia Kilimanjaro wengi tunawaza kilele na picha ya kutambia mtaani. Leo sina habari na kilele. Twende njia ya Marangu, mpaka Mandara, mita 2,720, baridi ya kugonganisha meno.

Ukipita Mandara, msitu mkubwa unaisha na miti ya erika inaanza. Matawini zinaning'inia ndevu za kijani-kijivu, utadhani wazee wamepanga foleni. Hizo ni laikeni. Si majani, wala haziunyonyi mti. Ni kuvu na mwani waliopanga chumba kimoja: kuvu anajenga nyumba, mwani anapika kwa mwanga wa jua. Mizizi hawana, wanakunywa mvua na ukungu.

Oktoba 2020 moto ulizuka kati ya Mandara na Horombo, ukala kilometa za mraba 95 hivi. Oktoba 2022 ukaja mwingine, jirani na kambi ya Karanga.

Nilipopita huko niliona erika zilizoungua zimechipua toka shinani. Mwenzangu akachekelea, "Si unaona, msitu umepona!" Nikamwambia atazame vizuri, ndevu ziko wapi? Shina jeusi ni kipara kitupu, na chipukizi nazo kidevu cha mtoto.

Hapo ndipo penye kasheshe. Erika ina akiba ardhini, laikeni haina. Ikiungua, imekwisha. Inabidi upepo ulete kipande toka mti ulionusurika, kinase kwenye gome, halafu kikue pole pole, mwaka hadi mwaka. Kwa hiyo mti mzee mmoja ulioachwa na moto ndiyo mbegu ya mtaa mzima. Moto ukirudi mapema, hesabu inaanza sifuri.

Na usidhani ni urembo tu. Msitu ule wa juu, pamoja na ndevu zake, unanasa ukungu na kudondosha maji. Watafiti wameonyesha kwamba moto wa mara kwa mara umeushusha mpaka wa juu wa msitu kwa mamia ya mita.

Taarifa za awali za TANAPA mwaka 2020 zilitaja moto wa kupashia chakula. Jamani! Wali wa dakika kumi, hasara ya miaka!

Kijana mwenzangu, ukipanda, kula kiporo kikiwa baridi. Ndevu zako ukinyoa leo, wiki ijayo zimerudi. Za mlima, huenda mwanao ndiye atakayeziona.

Wiki ijayo basi!