Imepikwa Wapi?

Bibi yangu wa Butiama alipika bila kikombe cha kupimia na bila saa. Muhogo wa udaga aliuvundika chini ya majani, na alijua uko tayari pale kidole kilipozama na ukungu ukawa umeufunika. Ndipo alipouparua, akaupondaponda, akauanika juu ya mwamba. Ukimuuliza ni siku ngapi, alikujibu: tazama muhogo wenyewe. Mama mdogo, aliyeishi Bunda, alikuwa wa kizazi kingine. Yeye alitunza daftari lake la sayansi kimu tangu shule, kila kitu kwa gramu na dakika, na maandazi nilijifunza humo. Nilipohamia Musoma na kuwa na jiko langu, niliamini kwamba yale ambayo hao wawili hawakunifundisha ningeyapata kwenye intaneti.

Hayakupatikana upesi. Enzi za kulipia kompyuta kwa saa nilinakili mapishi ya Kiingereza yaliyotaka oveni ya nyuzi 180. Vikombe vyake navyo vilikuwa vya huko: kikombe cha kupimia cha Kimarekani huchukua kama mililita 240, wakati vikombe vya chai nyumbani kwangu havilingani hata viwili. Kuoka keki kwa sufuria, mkaa kidogo chini na mwingi juu ya mfuniko, nilielekezwa na jirani aliyekuwa akiuza keki za harusi.

Mwaka 2009 kebo ya SEACOM ilifika Dar es Salaam kupitia baharini, na miaka iliyofuata simu za intaneti zikaenea hadi vijijini kwetu. Video za mapishi kwa Kiswahili zikaanza kumiminika. Nilizifurahia mno. Ila nyingi zilitoka Dar, Zanzibar na Mombasa, na karibu kila mboga ilitiwa tui la nazi. Kwetu mboga huungwa kwa karanga au maziwa. Mgagani hasa hutaka maziwa, tena ukilala nayo ndipo uchungu unapotulia.

Maharage ndiyo yaliyonifungua macho. Nilifuata dakika nilizoambiwa, nayo yakabaki magumu katikati. Uso wa Ziwa Victoria uko karibu mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na kwenye kimo hicho maji huchemka kwenye nyuzi kama 96, si 100. Butiama ni juu zaidi. Mpishi wa pwani hakusema uongo, alisema kweli ya jiko lake. Tangu hapo, kabla ya kuuliza kama pishi ni tamu, nauliza limepikwa wapi.

Kwenye muhogo swali hilo linagusa uhai. Mwaka 1985, wakati wa ukame, wilayani Tarime, katika mkoa wetu huu wa Mara, watu walipatwa na konzo, ugonjwa unaopooza miguu ghafla na ulemavu wake hauondoki. Muhogo mchungu ndio uliostahimili jua. Njaa ilipobana, siku za kuuandaa zikafupishwa na sumu ya sayanaidi ikabaki kwenye unga. Anayekosa protini huumia zaidi, maana mwili huhitaji vitu vilivyomo kwenye protini ili kuivunja sumu hiyo. Kwa hiyo bakuli la dagaa kando ya ugali wa muhogo lina kazi kubwa kuliko kutelezesha tonge.

Basi nilipokuta maelekezo ya unga wa muhogo yanayosema menya, katakata, anika, saga, bila neno hata moja kuhusu muhogo mchungu, nilikasirika kwelikweli. Kwa muhogo mtamu yanatosha. Lakini binti wa mjini aliyeletewa gunia kutoka shambani atajuaje ni upi? Hapo ndipo nilipoelewa uzito wa jibu la bibi. Siku hubadilika kwa mvua na baridi, alama za muhogo uliovunda sawasawa hazibadiliki.

Sasa hali ni nzuri zaidi, na waliofanya iwe hivyo ni wapishi wenyewe. Naona kina mama wa kanda ya ziwa wakijirekodi nyuma ya nyumba zao, sufuria nyeusi kwa moshi, wakipika sato, makongoro, hata kichuri. Namwamini anayesogeza simu karibu na kuonyesha rangi ya mchuzi kuliko anayenisomea dakika. Namwamini zaidi anayetaja aina ya mbegu na soko aliponunua.

Kwenye kundi letu la familia la WhatsApp, binamu aliyebaki Butiama hutuma picha za udaga hatua kwa hatua: mbichi, uliofunikwa, ulioota ukungu, ulioparuliwa. Mpwa wangu aliye Dar alimuuliza juzi kama anaweza kuuanika siku ya pili tu, kwa kuwa joto la kule ni kali. Binamu alimwomba kwanza apige picha ya muhogo uliovunjwa katikati, na amwambie kama kidole kinazama.