Herufi ambayo kiini hakiitaki

Kiiraqw, lugha ya wengi wetu huku Mbulu na sehemu kubwa ya Hanang, kina sauti moja inayotoka chini kooni, mahali ambapo Kiswahili hakifiki. Waarabu wanayo, wanaiita ain. Kiswahili kilipochukua maneno ya Kiarabu kiliiacha njiani: 'ilm ikawa elimu, 'asr ikawa alasiri, na koo likapumzika. Sisi hatukuiacha. Katika maandishi ya Kiiraqw sauti hiyo huandikwa kwa mkwaju, ile alama ya mstari ulioinama: /. Mwanamke ni /ameeni. Mahindi ni /ayto'o. Rangi nyeupe ni /awaak. Ukifungua kamusi ya Kiiraqw na Kiingereza ya mwaka 2002, kazi ya Maarten Mous, Martha Qorro na Roland Kießling, utaukuta mkwaju umekaa humo kama herufi nyingine yoyote.

Sasa chukua kompyuta yenye Linux, jaribu kuhifadhi faili uliite /ayto'o. Haikubali.

Watu wengi wakikataliwa na kompyuta hutafuta jina lingine, maisha yanaendelea. Mimi kukataliwa huko kulinifikisha mahali ambapo mwandishi wa habari hana shughuli: ndani ya kiini cha mfumo endeshi, kile ambacho mafundi wanakiita kerneli. Naandika haya kwa sababu njia niliyopita inaweza kupitwa na mtu yeyote anayejua kusoma kwa uvumilivu, na wasomaji wa ukurasa huu ndio watu wa namna hiyo.

Kwanza nieleze nilikuwa nahifadhi nini. Tarehe 3 Desemba 2023 matope na mawe yaliporomoka kutoka Mlima Hanang, yakapita Katesh na vijiji vya jirani, yakaua watu zaidi ya 80. Nilitumia wiki kadhaa kusikiliza watu. Kitu kimoja kilinikaa moyoni. Wazee walinijibu mimi kwa Kiswahili, majibu mafupi ya kutosha gazeti. Halafu waligeukiana wenyewe kwa wenyewe na kusimuliana kwa Kiiraqw, kwa kirefu, na humo ndimo ilimokuwa habari yenyewe: mteremko gani, maji ya namna gani, udongo wa aina gani. Nilikuwa nafuata nusu. Nimezaliwa huku, nimekulia huku, shule na chuo vikanipa lugha nyingine mbili, na ya kwetu ikabaki nusu.

Basi nikaanza kumrekodi bibi, mzaa mama, kijijini upande wa Dongobesh. Kila siku ninayokwenda, maneno kumi, kumi na tano: ya shamba, ya ng'ombe, ya nyumba, ya mvua. Kila neno faili lake la sauti, na kila faili nikitaka liitwe kwa neno lenyewe.

Mtoto wa mjomba wangu anasoma mambo ya kompyuta Dodoma. Likizo moja alikuja nyumbani, nikamwonyesha. Niliandika amri ya kulipa faili jina, na kompyuta haikujibu chochote, ikabaki inasubiri. Akacheka.

"Dada, hapo umekataliwa na watu wawili tofauti," akasema. "Mmoja unaweza kumbembeleza. Mwingine huwezi."

Wa kwanza ni ile programu unayoiandikia amri. Yenyewe ilipoona king'ong'o cha ayto'o ilidhani nimefungua nukuu, ikawa inasubiri niifunge. Ukilizungushia jina alama za nukuu za aina nyingine, anatulia. Wa pili ni kiini, na kwa huyo hata uzungushie nukuu mia.

Kiini ni nini? Fikiria ghala la ukoo lenye mlinzi mmoja mlangoni. Hakuna anayeingia kujichotea mahindi. Unasimama mlangoni unaomba, mlinzi anaangalia wewe ni nani na unataka nini, anakuletea au anakunyima. Ndani ya kompyuta, ghala ni diski, kumbukumbu, skrini, mtandao. Programu zote, hata kivinjari unachosomea makala hii, zinaishi nje ya mlango. Kiini peke yake ndicho kinachogusa vilivyomo ndani.

Na maombi hayo yanaweza kusikilizwa. Kuna programu inaitwa strace: unaitaja kwanza, kisha programu unayotaka kuichunguza, nayo inakuandikia kila ombi lililopelekwa kwenye kiini na kila jibu lililorudi. Ukitaka kuanza kujifunza kiini, usianze na vitabu vya kurasa elfu, anza hapo. Amri ndogo kabisa ya kuorodhesha mafaili hupeleka maombi kwa makumi. Nikaliona la kwangu: programu imeomba kufungua /ayto'o, kiini kimejibu kwamba huna ruhusa.

Ruhusa? Sikuwa nimeomba kuingia popote. Lakini kwa kiini nilikuwa nimeomba. Mkwaju kwake ni njia. Ukiuweka mwanzoni mwa jina, maana yake ni shina la diski nzima, mahali pa mkuu wa mashine. Nikalijaribu tena kwa mamlaka ya mkuu. Faili likaundwa pale shinani, na jina lake likawa ayto'o. Herufi ya kwanza ilikuwa imeliwa, imegeuzwa kuwa barabara ya kulifikia neno.

Nani aliamua hivyo? Swali hili ndilo lililonivuta, kwa sababu nilizoea kuiona kompyuta kama mvua: inakuja ilivyo. Kumbe ina waandishi. Mwishoni mwa miaka ya 1960 kulikuwa na mfumo mkubwa ulioitwa Multics, na humo njia za mafaili zilitenganishwa kwa alama ya >. Ken Thompson na Dennis Ritchie wa maabara za Bell, Marekani, walipoanza kuunda Unix mwaka 1969 walikwenda na mkwaju. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa miaka 21 huko Helsinki, alipoandika kiini chake cha Linux alifuata desturi za Unix. Leo kiini hicho kimo ndani ya kila simu ya Android mnadani Katesh. Kama ile > ya Multics ndiyo ingeshinda, bibi yangu asingekuwa na shida na mtu.

Msimbo wa Linux uko wazi kwa kila mtu, kwenye tovuti ya kernel.org. Ukiupakua umebanwa ni takriban megabaiti 140, bando la kawaida linatosha. Usichukue historia yake yote, hiyo ni gigabaiti kadhaa na haina faida kwa anayeanza. Una zaidi ya mistari milioni 30, lakini idadi hiyo isikutishe. Sehemu kubwa ni ya kuendesha vifaa: kadi za mtandao, skrini za kila aina ambazo wewe hutazimiliki. Hakuna anayeusoma wote, kama hakuna anayesoma kamusi kutoka A mpaka Z.

Unachohitaji ni kompyuta hata kuukuu, Linux yoyote ndani yake, kompaila ya lugha ya C na vifaa vyake vichache. C yenyewe niliikuta ukubwani. Nilijifunza kiasi cha kusoma, sikungoja niwe fundi. Halafu unaandika moduli ya kwanza: mistari kama kumi, kipande cha msimbo kinachochomekwa kwenye kiini kikiwa kinaendelea kufanya kazi. Ya kwangu ilisema "Habari za Katesh" ilipoingia na "Kwaheri" ilipotoka. Haikutokea kwenye skrini. Ilitokea kwenye daftari la kiini, linalosomwa kwa amri ya dmesg, kila mstari ukiwa na sekunde zilizopita tangu mashine iwashwe. Nimewahi kuona jina langu kwenye ukurasa wa mbele wa gazeti. Ile dmesg ilinifurahisha zaidi.

Baada ya moduli, unajenga kiini kizima. Unaandika make defconfig upate mipangilio ya kawaida, kisha make, kisha unakwenda kupika. Kwenye laptopu yangu ilichukua jioni nzima, na umeme ukakatika katikati. Uliporudi niliandika make tena, ikaendelea pale ilipoishia. Kiini kipya hukiwashi kwenye mashine yako unayoitegemea. Unakiwasha ndani ya QEMU, programu inayoigiza kompyuta nyingine ndani ya ile uliyonayo, ili kikifa kife humo humo.

Nikatafuta mkwaju. Uko kwenye folda ya fs, faili la namei.c. Juu kabisa limeandikwa jina la Torvalds na miaka 1991 na 1992. Ndani yake kuna kipengele kinachoitwa link_path_walk, na kweli kinatembea: kinaruka mikwaju ya mwanzo, kinachukua neno mpaka mkwaju unaofuata, kinalitafuta, kinaendelea. Mistari ya kulinganisha herufi na mkwaju ni michache, unaweza kuihesabu kwa vidole. Nikaibadilisha, nikaweka alama nyingine mahali pake. Nilijua itavunjika, nilitaka kuona inavunjika vipi. Nikajenga upya, dakika chache tu safari hii, nikawasha QEMU.

Kiini kiliamka, kikataja vifaa vyake kimoja kimoja, halafu kikafa kwa kile wanachokiita paniki. Kilikuwa kikitafuta programu ya kwanza kabisa ya kuianzisha, na njia ya kuifikia imeandikwa kwa mkwaju. Kwa kiini changu kipya mkwaju ulikuwa herufi. Kilitafuta kitu ambacho duniani hakipo.

"Umeona?" mdogo wangu akasema. "Kuibadilisha ni rahisi. Sasa waambie wengine wote nao wabadilishe."

Hapo ndipo nilipoelewa kazi hii ni ya namna gani. Anayetaka kuchangia kiini cha Linux huandika kiraka, mabadiliko madogo yenye maelezo, akakituma kwa barua pepe ya maandishi matupu kwa watunzaji wa sehemu husika, na watu wakakijadili hadharani mstari kwa mstari. Torvalds ana kanuni anayoisimamia kwa ukali: kiini kisivunje programu za watu. Kiraka changu kingevunja zote, kuanzia ile ya kwanza. Kingekataliwa, na mimi mwenyewe ningekikataa.

Lakini kusoma kile kipengele kulinipa jibu ambalo nisingelipata nikiwa nje. Kiini hakijui lugha. Hakijui herufi. Kwake jina la faili ni mfululizo wa baiti, na ndani ya jina inazikataa mbili tu: ile ya mkwaju, na ile ya sifuri inayoashiria mwisho. Nyingine zote ruksa. Na katika Unicode ipo herufi ya wanaisimu kwa sauti hii hii ya kooni, ʕ, ambayo baiti zake hazina mkwaju ndani. Kwa hiyo mafaili ya bibi sasa yanaitwa ʕayto'o, ʕameeni, ʕawaak. Mdogo wangu ameandika programu fupi inayoonyesha mkwaju kwa msomaji na kuihifadhi ʕ kwa kiini.

Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Ilikuwa kazi kubwa, na nadhani wengi wetu tukisema lugha zetu ziingie kwenye kompyuta tunawaza hiyo: kutafsiri vitufe na menyu. Hiyo ni ngozi, na inahitajika. Ila yapo maamuzi ya ndani zaidi yaliyofanywa na watu ambao hawakuwahi kusikia neno Iraqw, wala hawakuwa na ubaya na mtu. Yanayoweza kubadilika na yasiyoweza utayajua tu ukiingia kusoma. Vinginevyo utabaki kuamini kwamba lugha yako ndiyo yenye kasoro. Nimewasikia vijana wa kwetu wakisema hivyo: Kiiraqw hakiandikiki, hata kompyuta inakikataa.

Anayetaka kwenda mbali kuliko mimi, mlango upo. Mpango wa mafunzo wa Outreachy, ambao mradi wa kiini cha Linux umeshiriki tangu 2013, umepitiwa na wanawake kutoka Kenya. Maelezo ya namna ya kutuma kiraka yamo kwenye folda ya Documentation, ndani ya msimbo wenyewe, na yameandikwa vizuri. Mdogo wangu ameyasoma. Ameona kosa la tahajia kwenye maelezo ya dereva mmoja wa kifaa, amelirekebisha, ametuma. Anasubiri jibu, na kila akipiga simu nyumbani analizungumzia utadhani amepeleka posa.

Mimi kesho naelekea Dongobesh. Bibi ameniahidi majina yote ya mahindi, tangu yakiwa mbegu mkononi mpaka yakiwa ghalani. Anasema nije mapema, kabla jua halijawa kali, na nije na sukari.