Analipwa kwa Kula Hotelini

Mama mdogo kule Tanga akiulizwa mimi nafanya kazi gani Marekani, hujibu, "Anakula hotelini, halafu analipwa." Hajakosea sana. Anachokisahau ni maili.

Naishi Columbus, Ohio. Tangu ghala nililokuwa nikipakia mizigo lipunguze watu, ninachofanya ni kuwa mteja wa siri, asubuhi hadi usiku, siku sita kwa wiki. Kampuni yenye maduka mia mbili haiwezi kujua kama kijana wa zamu ya usiku anasafisha choo. Basi inailipa kampuni ya ukaguzi, nayo inatafuta watu wasiojulikana kama mimi, tuingie kama mteja yeyote, tununue, tutazame, tutoke, tukaandike. Mbinu hii ina miaka mingi hapa; katika miaka ya 1940 ilitumika zaidi kuwanasa wafanyakazi waliokuwa wakidokoa pesa. Siku hizi wanataka kujua kama umetabasamiwa.

Malipo ni madogo. Kituo cha mafuta hunipa dola 14. Mgahawa wa baga hunipa dola 8, na pesa ya baga inarudi. Benki, ukijifanya unataka kufungua akaunti, ni kama 20. Nyumba za kupangisha ndizo nono, hufika 40, kwa sababu unazungushwa vyumbani nusu saa na kila neno la mwenyeji wako lazima ulibebe kichwani. Kwa bei hizi, anayekagua maduka ya mtaani kwake atapata pesa ya vocha na saluni tu. Anayetaka kulipa kodi ya nyumba lazima aunganishe vituo, na ajue kusubiri. Wakongwe hawakimbilii kazi tarehe 5. Wanangoja tarehe 27, wakati mgawa kazi amebakiwa na maduka ya mbali ambayo hakuna aliyeyataka na mteja wake anamdai ripoti. Hapo anaanza kupiga simu yeye mwenyewe, na kituo cha dola 14 kinapanda hadi 30.

Nikupe siku moja. Mwaka 2025 nilishuka na barabara kuu ya I-71 hadi Cincinnati, nikarudi kwa njia ya Dayton. Vituo 9 kwa dola 14, na nyongeza ya dola 40 juu: jumla 166. Niliendesha maili 240, karibu kilomita 386, na mafuta yalikula dola 26. Ukikomea hapo, umebaki na 140 na unaweza kutamba kwenye grupu la WhatsApp la ukoo. Lakini mamlaka ya kodi ya Marekani, kwa mwaka huo, ilikadiria gharama ya gari la kazi kuwa senti 70 kwa maili: mafuta, matairi, bima, na gari lenyewe kuchakaa. Maili 240 ni dola 168. Kwa hesabu hiyo nilitoka nyumbani alfajiri, nikarudi usiku, nikapata hasara ya dola 2.

Mbele ya mtoza kodi hiyo ni nafuu, maana huku aliyejiajiri hukatwa takriban asilimia 15 ya faida yake kwa ajili ya pensheni na matibabu ya uzeeni, kabla hata kodi ya mapato haijafika. Hasara ikiwa kwenye karatasi, hukatwi. Corolla yangu ndiyo inayokatwa.

Na kuendesha si kazi. Kazi ni ripoti. Unaingia, unaangalia saa bila kuonekana unaangalia saa, unahesabu walio kwenye foleni, unasoma jina kifuani mwa muuzaji, unaonja viazi kama bado vya moto. Kuandika mbele za watu ni mwiko, kwa hiyo unakwenda chooni (ambacho nacho unakikagua) na kujiandikia ujumbe kwenye simu. Usiku unajaza maswali hamsini kabla muda haujaisha. Niliwahi kuandika kwamba mhudumu alikuwa mkarimu. Mhariri wa kampuni ya ukaguzi akanirudishia: mkarimu alifanya nini? Aliinua macho? Alisema nini, neno kwa neno? Siku nyingine nilisahau kupiga picha ya risiti. Ripoti ikakataliwa, nikawa nimekula baga ya bei mbaya kuliko zote maishani. Hata inayokubaliwa hulipwa baada ya mwezi, pengine miwili. Likizo ya ugonjwa hakuna. Bima ya afya nalipa mwenyewe.

Sasa nyumbani. Binamu yangu wa Dar aliifanya kazi hii mwaka juzi, na alicheka nilipomweleza habari za ruti. Kule haiwi ajira ya mtu mmoja na gari lake. Inakuja kama mradi: kampuni ya utafiti inakusanya vijana ishirini, semina ya siku mbili, chai na sambusa, kisha wiki tatu mtaani kwa posho ya siku na nauli. Mradi ukiisha, kila mtu anarudi kwenye shughuli zake. Yeye alitumwa kwa mawakala wa pesa za simu, aone kama bango la makato limebandikwa na kama kuna anayetoza zaidi. Wakala wa tatu, Manzese, alimtazama akasema, "Wewe si mtoto wa mama Zuhura wa Mwananyamala? Mama hajambo?" Usiri ukaishia hapo. Akanywa soda, akaenda kwa wakala wa nne.

Fomu yake nayo ilikuwa na shida nyingine. Iliuliza kama muuzaji alimwita mteja kwa jina na kama alimpendekezea bidhaa ya ziada. Wakala aliyemwambia bibi mmoja "Shikamoo, karibu ukae, jua kali" angepata sifuri katika maswali yote mawili. Fomu ile ni kama ilitungwa na mtu wa huku kwangu, ambako salamu ni fupi na swali la unataka nini linafuata papo hapo.

Hata hivyo kuna jambo ambalo nyumbani wametushinda. Mimi hapa naishi kwa risiti, kipande cha karatasi kinachofifia juani. Binamu yangu kila muamala ulimletea ujumbe kwenye simu wenye saa, kiasi, makato na jina la wakala. Ushahidi ulijiandika.

Na kule kazi hii ina uzito ambao baga haina. Tanzania, watafiti wamewatuma wateja bandia kwenye maduka ya dawa muhimu, yale yaliyoanzia Ruvuma mwaka 2003, waone kama mwenye homa anapewa dawa mseto ya malaria au anapewa chochote kilichopo rafuni. Nairobi, utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulitumia watu waliofunzwa kujifanya wana dalili za kifua kikuu, pumu au maumivu ya moyo, wakaingia kliniki kama wagonjwa wa kawaida. Tabasamu la daktari halikuwa hoja. Nikilinganisha na viazi vyangu, naona haya kidogo.

Basi, inalipa? Huku ndiyo, kwa mtu mmoja mwenye gari lisilodaiwa, asiyesomesha watoto, anayependa barabara na anayeandika haraka. Kwa mwenye familia, hapana. Nyumbani ichukue kama kibarua kizuri cha wiki tatu.

Tangu mama mdogo aanze kunitangaza, napokea jumbe kutoka Tanga hadi Mombasa: mtu ameahidiwa kazi ya mteja wa siri Ulaya, atume kwanza pesa ya usajili. Hapa Marekani ulaghai huohuo huja na hundi: unatumiwa hundi ya dola elfu mbili, unaambiwa uiweke benki, ununue kadi za zawadi na utume namba zake, baada ya siku kadhaa hundi inaonekana ni ya bandia, na benki inakudai wewe. Mimi sijawahi kutoa hata senti kujiunga na kampuni yoyote. Ukiombwa, hata kama ni shilingi elfu tano tu, usitume.